Maji ya Wageni Kwenye Chupa ya Utafiti

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kiko mbele ya nyumba, mlango unatazama barabara. Kila asubuhi nasogeza cherehani karibu na kizingiti nipate mwanga. Nashona, nakimbilia jikoni kukoroga uji, naamua ugomvi wa watoto, narudi kushona. Mdomo wangu nao haupumziki. Baba watoto husema hata cherehani huchoka, lakini mimi sichoki.

Tuna watoto watatu. Wawili wakubwa meno yao yana madoa ya kahawia. Siku zile baba yao aliwasimamia kila asubuhi wakipiga mswaki.

"Sugueni! Mnanitia aibu na meno kama ya wavuta tumbaku!"

Walisugua mpaka fizi zikatoka damu. Madoa hayakutoka ng'o. Binti yangu akaanza kufunika mdomo kwa kiganja kila akicheka. Iliniuma sana.

Wa tatu ni kitinda mimba wangu. Tulimwita Bonge, kwa mashavu yake. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, bado ananyonya tu na kukataa uji, na nilikuwa karibu kumwachisha ziwa.

Siku moja alikuja mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Ni jirani yangu, tunataniana siku zote. Alifuatana na mtaalamu wa miamba, bwana mmoja mrefu mwenye viatu vya vumbi. Walikuwa wanapima maji ya visima. Mhudumu akatoa karatasi, akaanza kunisomea.

"Fundi, una haki ya kukubali au kukataa. Jina lako halitaandikwa, kisima chako kitapewa namba tu. Majibu utaletewa wewe mwenyewe. Na ukiwa na..."

"Sawa, sawa. Naweka dole wapi?" Gauni la mteja lilikuwa mezani, na mteja yuko njiani.

"Subiri nimalize, shoga."

"Nimeelewa, shoga, lete wino!"

Nikaweka dole. Yule mtaalamu akatoa chupa ndogo. Alitaka kwenda kisimani kuchota mwenyewe. Nikamzuia.

"Mgeni achote maji na mwenye nyumba nipo? Haiwezekani!"

Nikaingia ndani na chupa. Sasa, maji ya kisima chetu yana chumvichumvi. Sisi tumeyazoea, lakini mgeni humpi. Kabatini ninaweka dumu la maji ya dukani kwa ajili ya wageni. Nikajaza chupa kwa hayo, nikaifuta vizuri, nikampelekea kwa tabasamu. Sikuwa na nia mbaya hata chembe. Nilitaka tu nyumba yangu ionekane nyumba ya watu.

Baada ya wiki chache majibu yakaja. "Kisima namba arobaini na moja: salama." Lo, nilivimba kichwa! Visima vingi vya mtaa vilikutwa na madini mabaya, changu hakina. Nikaibandika karatasi ukutani, juu ya cherehani. Kila mteja nilimwonyesha.

Majirani wakaanza kuja na ndoo. Wa kwanza alikuwa mke wa kinyozi, mwenye mtoto wa miezi saba.

"Ya uji wa mtoto, shoga."

"Chota, chota! Maji yangu yamepimwa!"

Siku ya kumi na mbili tangu mke wa kinyozi aanze kuchota, mhudumu alirudi peke yake. Akaomba tufunge mlango. Akatandaza ramani juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Mtaa wote ulikuwa umepakwa rangi nyekundu. Katikati palikuwa na kidoa cheupe.

"Kidoa hiki ni wewe," akasema.

"Si kizuri?"

"Sikiliza. Hatuwezi kupima kila kisima. Tunapima vichache, halafu kuna dada wa hesabu anaviingiza kwenye kompyuta. Kompyuta inakadiria vilivyobaki, kwa kutazama visima jirani na miamba iliyo chini. Hapa chini kuna mwamba wa volkano ya zamani. Maji yakikaa humo yanayeyusha madini yanayoitwa floraidi. Kidogo hayana neno. Yakizidi, yanaharibu meno ya watoto yakiwa bado ndani ya fizi. Mtu akiyanywa miaka mingi, hata mifupa inaumia."

"Kwa hiyo meno ya wanangu..."

"Si uchafu, fundi. Ni maji."

Nikamnyanyua Bonge kutoka mkekani. Nikakaa.

"Sasa huyo dada anashangaa. Mwamba ni uleule, majirani wote wana madini, wewe huna hata kidogo. Hakujui jina. Anaijua namba tu. Ameniomba nikuulize."

"Si afute tu hiyo namba?"

"Akifuta namba kwa sababu haimpendezi, huo si utafiti tena, ni uongo. Anataka chupa ya pili. Lakini dole lako lilikuwa la chupa ile moja. Ya pili lazima nikuombe upya. Ukikataa, sikulazimishi, na huduma zahanati utapata vilevile."

Nilikumbuka lile dumu kabatini. Nitauweka wapi uso wangu? Mtaa mzima utanicheka. Nikataka kusema hapana, na haki hiyo ninayo.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya mke wa kinyozi, nje. "Fundi, nachota ya uji!"

Bonge alikuwa mapajani mwangu, ananyonya. Kesho kutwa naye angekunywa uji wa maji hayohayo. Nikafungua mlango kwa kishindo.

"Shoga, weka ndoo chini! Usichote!"

Nikasema yote, mbele yao wawili. Dumu, kabati, chupa, na kujifanya kwangu. Machozi yalinitoka. Mke wa kinyozi akamgeukia mhudumu.

"Mwanangu amekunywa siku kumi na mbili! Na nilikuwa nachemsha!"

"Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini madini hayafi. Maji yanapungua, madini yanabaki palepale. Ila usiogope. Haya yanaumiza polepole, kwa miezi na miaka. Mmewahi."

Mke wa kinyozi akashusha pumzi. Halafu akanishika mkono. "Ungeweza kunyamaza. Ahsante, ndugu yangu."

Safari hii mhudumu alinisomea karatasi neno kwa neno, nami nikauliza maswali mpaka akachoka. Ndipo nikaweka dole. Tukaenda kisimani pamoja, akachota mwenyewe. Majibu yakaja: madini mengi mno. Karatasi ya ukutani niliibandua, na kila niliyemwonyesha nilimfuata nikamwambia ukweli.

Jioni ile nilimweleza baba watoto, naye akawaita wale wawili wakubwa. Akainama, akalingana nao. "Nisameheni, wanangu. Niliwaonea." Sijawahi kumpenda kama siku ile.

Ramani ikachorwa upya, sasa bila namba yangu ya uongo kuipotosha kompyuta. Ikaonyesha kwamba nyuma ya mashine ya kusaga unga ya mtaani, mwamba ni mwingine. Wakachimba pale, wakapima, maji yakakutwa mazuri, bomba likavutwa mpaka kwetu. Kisima chetu kikabaki cha kufulia na kudekia. Bonge aliacha ziwa akaanza na maji ya bomba, na uji wake ukapikwa kwa hayo. Wakubwa walipelekwa kwa daktari wa meno, madoa yakapungua kidogo. Hayakuisha, lakini wanajua si kosa lao.

Miaka mitano imepita. Wiki iliyopita Bonge alinijia mbio, anapanua mdomo. Jino la kwanza la utu uzima lilikuwa limechomoza. Nikamvuta mlangoni kwenye mwanga, nikalitazama mbele, nikalitazama nyuma. Jeupe, halina hata doa. Nikawashukuru kwa sauti watu wa miamba, na yule dada wa hesabu nisiyemjua kwa sura, na mhudumu aliyeniuliza kwa heshima. Machozi yakanibubujika.

Bonge akanitazama kwa mshangao. "Mama, jino ni langu, mbona unalia wewe?"