Mzuka wa Saa Nane Mchana

Kisilu hakuwa na taa za kupigia filamu. Hakuwa na gari la kubebea vyombo, hakuwa na waigizaji, hakuwa na ofisi ila kona moja ya duka la fotokopi la rafiki yake Wesley mjini Machakos, na katika umri wa miaka thelathini na mitatu hakuwa na mke wala mtu wa kumuuliza kama amekula. Alikuwa na kamera moja, kinasa sauti kimoja, na kazi ya kupiga video za mazishi kila Jumamosi. Siku aliyokwenda sokoni Tala, kitu alichokikosa zaidi ya hivyo vyote kilikuwa gauni jeupe la mzuka.

Bale la mitumba lilikuwa limefunguliwa muda huo huo na wanawake walikuwa wamelizingira. Kisilu aliona mkono mweupe ukichungulia chini ya masweta, akauvuta. Gauni halikuja. Upande wa pili lilishikwa na msichana mrefu mwenye blauzi ya kijani, futi ya fundi ikining'inia shingoni.

"Unanunulia nani?" msichana aliuliza.

"Mtu aliyekufa."

"Basi huyo hana haraka. Achilia."

Kisilu hakuachilia. Alimweleza kwamba anatengeneza filamu fupi ya mzuka, naye msichana akamweleza kwamba anataka kufumua lesi ya gauni hilo aitie kwenye nguo ya komunyo. Wakapatana: Kisilu angelinunua, yeye angelipunguza kiuno, na filamu ikiisha lesi ingekuwa yake. Kisha Kisilu akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Usiniangalie hivyo," msichana akasema. "Mimi bado sijakufa."

Jina lake lilikuwa Syombua, na alishona nguo katika kibanda karibu na stendi ya Machakos, kwa cherehani aliyoachiwa na mama yake. Mama alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, akazikwa kwao Kathiani. Tangu siku hiyo Syombua hakuwahi kulia. Alicheka watu walipocheka, alikula muda wa kula ulipofika, na usiku alilala. Kisilu alidhani huo ni utulivu, akaupenda.

Wiki mbili baadaye Syombua, aliyekubali kuwa mzuka, alikuwa akitembea kwenye mawe ya kilima cha Lukenya, gauni likimfika kwenye vifundo vya miguu, uso umepakwa unga wa muhogo. Simu zikaanza.

"Umekula, mkurugenzi?"

"Sijakula, mzuka wangu."

"Mzuka hapiki. Toka hapo kwa Wesley utafute chapati."

Syombua alikuwa akipiga kila siku saa saba. Kabla ya mwezi kwisha Kisilu alianza kumwita mwendwa, yaani mpenzi kwa Kikamba, kama baba yake alivyomwita mama yake, na Syombua aliitika jina hilo bila kulikataa wala kulirudisha.

Kwa kukosa taa, mzuka wa Kisilu alitokea saa nane mchana. Filamu ilikuwa ya dakika kumi na mbili. Mwanamke aliyekufa anarudi nyumbani kwake, anabisha, watu walio ndani wanamsikia na hawafungui. Mwishoni anaketi kizingitini na kulia. Hapo ndipo kazi ilipokwama, kwa sababu Syombua hakuweza kulia. Walijaribu vitunguu. Machozi yalitoka, sauti haikutoka. Kisilu akamwambia afungue kinywa tu, sauti ataitafuta mwenyewe.

Hakuhitaji kwenda mbali. Wapiga video wa mazishi wana desturi yao: familia ikipewa video yake, vilio vyote huwa vimefunikwa kwa nyimbo za kwaya ili watu waweze kuitazama. Vilio vyenyewe hubaki kwenye kinasa sauti, bila picha, vimeandikwa jina la mahali na namba. Kisilu alikuwa na mamia. Alivaa spika za masikioni, akasikiliza mpaka akapata sauti ya mwanamke iliyomfanya asimame kutoka kitini. Iliandikwa Kathiani, kumi na nne. Alikuwa amepiga mazishi mengi Kathiani. Hakuuliza, akaikata na kuiweka kinywani mwa mzuka.

Filamu ilionyeshwa Jumapili alasiri katika ukumbi wa vijana, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Syombua aliketi safu ya pili, amevaa gauni la rangi ya haradali alilojishonea kwa siku hiyo. Watu walianza kucheka mapema. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti ni mzuka gani huyu wa saa nane mchana, kwani hana kazi. Mwingine akaona kwamba mzuka amevaa slipa za buluu, kwa kuwa mawe ya Lukenya huchoma, na ukumbi wote ukaangua kicheko. Syombua naye akacheka.

Kisha mzuka akaketi kizingitini na kufungua kinywa. Sauti ikatoka, kwa Kikamba, ikimwambia mama kwamba sindano bado iko na uzi, mama arudi amalizie. Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa leso. Mwanamume mmoja alitoka nje. Filamu ilipokwisha watu walipiga makofi kwa muda mrefu.

Syombua alichukua mkoba wake, akamngoja Kisilu mlangoni.

"Hiyo sauti ulitoa wapi?"

"Kwa mafaili yangu. Mazishi ya zamani, Kathiani."

"Ni yangu."

Kisilu alimtazama asielewe, kisha akaelewa. "Mwendwa, sikujua ni yako."

"Ulijua ni ya mtu."

Watu walikuwa wakitoka, kila mmoja akimpa Syombua mkono na kumsifu kwamba anajua kulia. Aliwashukuru wote, mmoja baada ya mwingine, na kwenda zake. Alifunga namba ya Kisilu kwenye simu yake. Mwezi uliofuata alifunga na kibanda, akaenda Athi River kufanya kazi kiwandani, kushona mifuko ya suruali kutwa nzima. Kazi hiyo haikumhitaji afikiri, naye hakufikiri.

Kisilu alikuwa ameiweka filamu mtandaoni. Watazamaji waliandika mengi. Wengi walizidhihaki slipa. Mmoja aliuliza kama mzuka alikuwa anaenda kuoga. Lakini karibu kila mmoja aliandika kuhusu kile kilio. Kikundi cha wapenda filamu cha Nairobi kikaialika, na Wesley akamwambia Kisilu akae kimya, kwani nani atajua ni sauti ya nani? Kisilu aliitazama ile dakika ya mwisho mara nyingi asihisi chochote, wala aibu. Saa saba ilifika na kupita kila siku, asiulizwe kama amekula, naye hakula.

Siku moja alikaa chini akakitoa kilio. Aliifuta filamu ya kwanza mtandaoni, akaacha mzuka afungue kinywa bila sauti. Hivyo ndivyo alivyoipeleka Nairobi. Watazamaji walicheka tangu mwanzo, na mzuka alipofungua kinywa mtu mmoja alipaza sauti kuuliza kama spika imeharibika. Hawakumwalika tena. Loise, rafiki wa Syombua, alikuwa amekwenda kutazama, na ndiye aliyempelekea habari.

Kesho yake, saa saba, simu ya Kisilu ililia.

"Umekitoa," Syombua alisema.

"Nimekitoa."

"Na wakacheka."

"Mpaka mwisho."

Mashine za kiwandani zilisikika kwa mbali.

"Hiyo sauti uko nayo bado?"

"Iko kwa kadi ya kinasa sauti. Yote, tangu jeneza linashuka."

"Nitumie. Siku ile watu walisema nililia sana. Mimi sikusikia kitu. Kwa filamu nilijijua kwa ile sindano ya mama tu; hayo mengine mpaka leo sijui nililiaje. Usinitumie kwa simu, vitu vya simu vinaenda kwa kila mtu."

"Nikuletee?"

"Hapana. Nataka kusikiliza nikiwa peke yangu. Umekula?"

"Bado."

"Kula," alisema, akakata.

Kisilu alikula kwanza, kisha akaomba karatasi kwa Wesley na kuandika.

"Syombua. Hii ndiyo kadi, na sikubakiza nakala. Siwezi kuapa kwamba hakuna mtu aliyehifadhi filamu ya kwanza kwenye simu yake. Hilo nililifanya mimi na halifutiki. Lesi yako pia iko humu, nimeifumua mwenyewe, nimeichana mahali pawili. Ukisha kusikiliza, kama bado utaitika nikikuita mwendwa, niambie ni siku gani wazee wangu walete mbuzi za ntheo kwenu Kathiani, maana nataka kukuoa. Ukinyamaza sitauliza. Kisilu."

Akakunja kadi ndani ya lesi, na lesi ndani ya barua. Bahasha ilivimba, gundi ikakataa kushika. Karani wa posta alimkopesha selotepu, naye akaizungushia mara mbili. Alisimama mbele ya tundu la sanduku akijaribu kukumbuka jinsi ile sauti ilivyoanza, na hakuweza. Akaiachilia bahasha, akaisikia ikigonga chini.