Kijiko cha Samli Wakati wa Mfungo

Katika siku kumi na tano za mfungo wa Bikira Maria, kazi ya jikoni nyumbani kwa akina Demiana, katika mji wa Mallawi, ilianza kabla jua halijawa kali. Mama alichemsha maharage, akaifunika sufuria, kisha akaenda kwenye karakana ya kushona. Baba naye alikwenda kwenye useremala wake. Demiana, msichana wa miaka kumi na miwili, alibaki na bibi yake, Bibi Galila, na mdogo wake Abanub wa miaka sita. Chakula cha alasiri kilikuwa mikononi mwake.

Siku hizo nyama, mayai, maziwa na siagi havikuliwa. Kopo la samli lilikaa juu ya kabati, limefungwa kitambaa hadi sikukuu. Demiana alijua kupika bila vitu hivyo. Alijua kuchanganya wali, dengu na makaroni, na kuvimwagia rojo la nyanya na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vikavu. Alijua kuviringisha wali ndani ya majani ya mzabibu. Abanub, ambaye hakuna kitu asichokilalamikia, alimwita Mkuu wa Jiko kila alipotaka kuongezwa. Demiana alijifanya hasikii jina hilo, kumbe alilipenda kuliko nguo mpya.

Mwaka huo akaja Verena. Alikuwa mtoto wa dada yake mama, wa miaka kumi na mitatu, aliyetoka mji wa Asyut kukaa nao likizo. Siku ya pili tu ya mfungo aliomba apike mlenda.

Mlenda wa mfungo una shida zake. Siku nyingine hupikwa kwa supu ya kuku au ya sungura, lakini katika mfungo hakuna supu, na watoto huusukuma pembeni wakisema ni maji ya majani. Verena alikata vitunguu, karoti na nyanya, akavichemsha kwa muda mrefu hadi vikatoa utamu wao wote, akachuja na kutumia maji yale kama supu. Kisha akakaanga vitunguu saumu na giligilani kavu kwa mafuta ya mbegu. Alipovimimina ndani ya mlenda vikachachatika, akavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyeshtuka, jinsi wanawake wa huko wafanyavyo, wakiamini kwamba mlenda usiovutiwa pumzi hukosa ladha. Abanub alicheka hadi akakaa chini.

Siku hiyo Baba alifuta bakuli kwa mkate hadi maua yaliyochorwa ndani yakaonekana. "Verena," alisema, "baba yako ana bahati."

Maneno hayo yalimchoma Demiana. Tangu hapo akaanza kuhesabu. Jina la Verena lilitajwa mara ngapi kabla ya jua kupanda? La kwake mara ngapi? Alimwona Mama akimtengeneza Verena nywele, akahisi kichwa chake mwenyewe kinawasha. Verena alipouliza kinu cha vitunguu saumu kiko wapi, Demiana alijibu kwamba hajui, na kinu kilikuwa nyuma ya mgongo wake. Abanub hakusaidia. Siku moja alitafuna wali wa dada yake polepole, akasikiliza, kisha akauliza kama leo wamepika na kokoto.

Siku ya kumi na moja ya mfungo Demiana alisema mlenda ataupika yeye, na msaada hataki. Verena akachukua beseni la nguo, akapanda darini kuzianika.

Demiana alikatakata majani kwa kisu chao kilichopinda kama mwezi mchanga, chenye mpini kila upande, hadi mkono ukamuuma. Lakini kuchemsha mboga na kuchuja hakutaka, kwa sababu hiyo ilikuwa njia ya Verena. Alitumia maji matupu. Alipoonja, ulikuwa maji ya majani kweli. Saa nane ilikuwa imepita.

Macho yake yakapanda juu ya kabati. Bibi, alijiambia, siku hizi hula mkate na maharage tu, na kwa mafua aliyonayo hata harufu haisikii. Wengine hawatajua. Akavuta kiti, akafungua kitambaa, akachota kijiko kimoja, akakaangia vitunguu saumu. Harufu ilijaa nyumba nzima.

Abanub alikuja mbio, akapewa bakuli, akala bila kuinua kichwa. "Leo umemshinda Verena," alisema, mdomo umejaa. "Mkuu wa Jiko amerudi."

Demiana alikuwa ameyangoja maneno hayo kwa siku tisa. Alitaka ayarudie. Lakini Bibi Galila, aliyekaa sebuleni, naye aliyasikia.

Bibi alikuwa na nadhiri. Zamani, baba yake Demiana alipokuwa mtoto mchanga na homa imekataa kushuka, Bibi aliahidi kwamba kila mwaka, siku hizo kumi na tano, hataweka mdomoni kitu chochote kilichotokana na mnyama, wala hatakula chochote kabla ya saa tisa alasiri. Miaka arobaini na mmoja alikuwa hajaivunja, hata mwaka aliolazwa hospitalini. Sasa saa tisa ilikuwa imegonga.

"Maharage yangoje," Bibi alisema. "Nipakulie mlenda wako, mjukuu wangu, nione unasifiwa nini."

Demiana alipakua. Aliweka bakuli mbele ya Bibi. Bibi akafanya ishara ya msalaba, akamega mkate, akachovya, akauinua.

"Bibi, usile."

"Wa moto sana?"

"Una samli."

Mkate ulirudi bakulini taratibu. Verena alikuwa amesimama mlangoni na beseni tupu. Abanub alitoka jikoni, mchuzi kidevuni, akauliza kwa sauti ndogo kama yeye amevunja mfungo.

"Wewe umelishwa bila kujua," Bibi alimwambia. "Kanawe." Kisha akamgeukia Demiana. "Kwa nini, mwanangu?"

"Kila saa ni Verena, Verena," Demiana alisema, machozi yakimtoka. "Nilitaka siku moja mseme Demiana."

Bibi hakumgombeza. Alimwagiza apeleke sufuria kwa jirani yao Mwislamu, Mama Hisham, ambaye hakuwa na mfungo siku hizo, na amweleze mwenyewe sababu. Mama Hisham alipofungua kifuniko aliuliza kwa utani kama leo jua limechomoza magharibi, samli kutoka nyumba ya watu waliofunga. Ikambidi Demiana aseme yote, pale mlangoni. Mama Hisham aliacha kucheka. Akamfungia fungu la majani mabichi ya mlenda, akampa.

Aliporudi alimkuta Bibi amekaa palepale, na maharage hajayagusa. Alisema atangoja mlenda wa pili. Alikuwa hajaweka kitu mdomoni tangu jana.

Wasichana wakaingia jikoni pamoja. Safari hii mboga zilichemshwa muda wote uliotakiwa, na Demiana alisikia kila dakika ya njaa ya Bibi ikipita. Verena alikuwa anachuja aliposema, bila kumtazama, "Kwetu tuko saba. Nikimaliza kupika, chakula kinaisha kabla sijakaa, na hakuna anayesema neno. Baba yako aliponisifu, nilitamani nisirudi."

Demiana akakitoa kinu alikokuwa amekificha, akakiweka mbele ya Verena.

Bibi alikula saa kumi na moja kasoro. Alikula bakuli zima, na Demiana akangoja sifa, kisha akaona aibu kwamba bado anangoja. Bibi alipomaliza alifuta vidole.

"Sikiliza, Demiana. Mwenye njaa anapofungua mdomo, hakagui sufuria. Anamtazama aliyempakulia, anakula. Utamu mtu anajifunza, hata mimi nilijifunza ukubwani. Lakini nikiwa nakula kwa wasiwasi kutoka mkononi mwako, utamu wako una faida gani? Leo ulitaka kumshinda mwenzako, na nusura unishinde mimi na nadhiri yangu. Ulisema kabla sijala, na hilo nimeliona pia. Jioni utamwambia mama yako, wewe mwenyewe."

"Ndiyo, Bibi."

"Na kesho upike tena. Mimi nitakaa hapa hapa. Sitakuja jikoni kuangalia."