Chafya ya Kiprugut

Amplifaya ilipiga chafya saa nne asubuhi, na watu watatu wenye masikio mazima waliisikia.

Makhanu, muuza vyombo vya muziki wa mjini Nakuru, ndiye aliyeileta pale Lanet, pamoja na gita mbili za umeme, ili mwanamuziki Kiplimo azijaribu nyumbani kwake na kuchagua. Mkewe Kiplimo, Jepkemei, alikuwa amekwisha kurekodi vayolini kumi na mbili na chelo tatu za vijana wa kanisani. Sasa muziki wao ulitaka gita ya roki ya kusimama katikati ya nyuzi zote hizo bila kuzifunika, na hiyo si kazi rahisi. Gita ya kwanza, nyepesi, ilitoboa masikio. Ya pili ilikuwa nzito, na ilijaza chumba vizuri hasa ilipochomekwa kwenye amplifaya kubwa ya zamani, ile yenye taa za kioo ndani.

"Chukua hii, boss," Makhanu alisema. "Hii ni ndume."

"Lakini haina jina," Kiplimo akajibu, na hapo ndipo ulimi ulipomponza.

Kwao, mtoto akizaliwa, akina nyanya humwitia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Jina atakalolipigia chafya ndilo la mzee aliyerudi katika mwili wake. Jepkemei alikuwa na mimba ya miezi minane, kwa hiyo mambo ya majina yalikuwa midomoni kila siku. Kiplimo akaiinamia spika, akaita babu zake kwa sauti ya kikongwe huku Makhanu akicheka na Jepkemei akitazama. Alipowamaliza, akaongeza jina aliloliona siku moja nyuma ya picha kuukuu, jina ambalo ukoo wake haulitaji.

"Kiprugut."

Chafya ilitoka nzito, yenye maji. Kiplimo alihisi matone usoni.

"Ni waya tu," Makhanu alisema, lakini aliondoka bila kumaliza chai.

Mtu mwenye akili angeirudisha siku hiyohiyo. Msanii akishapenda sauti, utamwambia nini? Tangu ile chafya gita ilikuwa na kifua, ilizibeba vayolini zote mgongoni, na Kiplimo akatangaza kwamba amechagua.

Kesho yake kitambaa cha mbele cha spika kilikuwa na unyevu. Keshokutwa kilikuwa na ute, wa manjano katikati na wa kijani pembeni, ukiteremka polepole mpaka kwenye maiki. Kiplimo akaufuta kwa tambara, tambara likanata vidoleni. Kisha akalinusa, na kwa nini alinuse, Mungu ndiye ajuaye. Lilinuka maziwa yaliyooza na meno mabovu.

Halafu wakasikiliza walichorekodi. Chini ya vayolini, kila gita iliponyamaza, kulikuwa na mtu akivuta makamasi, akikusanya kohozi, akitafuta pa kulitema, na asipopata, akilimeza.

"Kiplimo," Jepkemei alinong'ona, "hiyo kitu inameza."

"Nitaitoa kwa kompyuta."

"Utaitoa aje? Iko kwa kila wimbo."

Siku ya tano Jepkemei alijilaza baada ya chakula cha mchana, na alipoamka alihisi baridi tumboni, akadhani ni maji, akafumbua macho na kuiona amplifaya, ambayo watu wawili huhema kuibeba, imesimama kando ya kitanda, waya wake ukiburuta sakafuni bila kuchomekwa popote, uso wake umeegemea tumbo lake kama mtoto anayetafuta titi, na gauni lote limelowa ute wa vuguvugu uliokuwa ukivutwa ndani na kutolewa nje, ndani na nje, kwa pumzi ya mtu aliyezibwa pua, mtu ambaye sasa alikuwa akisema, taratibu, "Mama."

Alipiga ukemi uliowatoa majirani nje.

Kogo Chepchumba, nyanya yake Kiplimo, alifika kutoka Subukia jioni hiyohiyo. Alisimama mlangoni, akaziba pua kwa leso.

"Ulimwita?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa nacheza tu, Kogo."

"Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Huyo ni ndugu ya babu yako. Alishikwa na kifua, akawa anatema vitu, watu wakamchukia. Tulimweka kwa kibanda peke yake, chakula tunasukuma na fimbo. Alikufa amesongwa na kohozi, na sisi tuko hapo nje tunamsikia. Mimi nilikuwa bibi arusi. Nilimsikia, na nikaona kinyaa." Akameza mate. "Hatujawahi kumwitia mtoto yeyote. Wewe umemwita, na amekubali. Sasa anataka mwili." Akatazama tumbo la Jepkemei.

"Tumfukuze, basi!" Kiplimo alisihi.

"Umemwita kwa jina, utamfukuza aje? Mtoto akizibwa pua, mzazi hufanya nini?"

Kiplimo alijua. Mzazi huweka mdomo puani, huvuta, hutema.

"Mara tatu," Kogo alisema. "Uteme nje kwa udongo. Akipumua, ataenda."

Kiplimo alipiga magoti mbele ya amplifaya, akaweka mdomo kwenye kitambaa cha spika. Mara ya kwanza ute ulikuja mzito na baridi, ukamjaa mashavuni, akakimbia nje akautema pamoja na chakula chake cha mchana. Mara ya pili ulikuja na vipande vigumu, na kimoja kilijinyonganyonga chini ya ulimi wake. Mara ya tatu alivuta huku machozi yakimtoka, akavuta uzi mrefu usiokatika, wenye chumvi na vuguvugu, mpaka kitu kikaachia ndani kabisa ya spika, na sauti ndogo yenye shukrani ikamwambia mdomoni, "Asante, baba," naye kwa kushtuka akameza.

Alitoka nje akatema mate matupu.

"Umetema yote?" Kogo aliuliza.

"Yote, Kogo."

Aliona haya kusema kweli, na zaidi ya haya, aliogopa kwamba angeambiwa arudie.

Kitambaa kilikauka. Makhanu alikuja akaichukua amplifaya yake bila swali, na wakarekodi upya kwa ile gita nyepesi. Haikuwa na kifua, lakini ilikuwa safi. Jumapili Jepkemei aliketi kusikiliza wimbo mzima, akitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Kuja uone," alimwita mumewe. "Leo anacheza sana."

Kiplimo akaweka kiganja tumboni. Mtoto aliyekuwa akirusha mateke akatulia, kisha akasogea taratibu mpaka upande wa pili. Kiplimo akahamisha mkono. Mtoto akahama tena.

"Anakuchezea," Jepkemei alisema akicheka.

Kiplimo akavuta makamasi, akameza, akamfuata mara ya tatu. Mtoto alijibana juu kabisa, chini ya mbavu za mama yake, akatetemeka huko, na Jepkemei akaacha kucheka.

"Toa mkono," alisema.