Kiti cha Mama Kilichelewa

Kila asubuhi kabla ya kwenda karakana, Cheche alimbeba mama yake kutoka kitandani hadi kwenye kochi la dirishani. Cheche ni jina la utani. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Miguu ya mama ilikuwa imepooza. Pale dirishani aliona ukuta wa jirani na kipande cha mbingu, basi.

"Mwanangu, nipeleke nikamwone shoga yangu," mama alizoea kusema. Shoga yake alikuwa fundi cherehani mzee wa mtaa wa tatu. Naye magoti yalimsumbua, hakuweza kuja.

"Vumilia, mama. Nitakununulia kiti cha magurudumu. Kipya kabisa."

"Kwani cha mtumba kina nini?" mkewe alimuuliza.

"Mama yangu akalie kiti cha mgonjwa mwingine? Watu watanionaje?"

Bei ya kiti kipya haikushikika. Mwaka ukapita, na wa pili ukapita. Kisha habari ikaja: shoga amefariki. Mama hakupiga kelele. Aligeukia ukuta, akakataa chakula.

Muuguzi aliyehamia nyumba ya pili alikuja kutoa pole.

"Kaka, mbona mama hana kiti?"

"Tunasubiri kipya," Cheche alijibu, macho chini.

"Simu yako ina intaneti?"

"Inayo. Naangalia mpira."

"Basi leo iangalie kwa hili."

Muuguzi alimfungulia kundi la watu wa mji wao wanaouza na kugawa vitu vilivyotumika. Aliandika "kiti cha magurudumu". Vikatokea viwili. Akaandika "kiti cha mgonjwa". Vikaongezeka vitatu.

"Umeona? Kila mtu anakiita kwa jina lake, kwa hiyo jaribu majina yote. Omba picha za breki na matairi. Mkutane mchana, mahali penye watu. Muuzaji akisema utume hela kwanza ndipo akushikie, achana naye. Kagua kwa mikono yako, ndipo ulipe."

Cheche aliendelea kushusha ukurasa. Ghafla kidole kikasimama.

"Hiki kipo nyuma ya shule! Dakika kumi kwa miguu. Kinatolewa bure."

"Tangazo la lini?"

Cheche alisoma tarehe. "La mwaka jana. Shoga yake mama alikuwa bado hai." Akaiweka simu mezani, akajifuta uso kwa kiganja.

Wiki ile alipata kingine. Alikagua breki, akachomelea upya pa kuwekea miguu, akakisugua chote kwa sabuni na dawa.

"Twende wapi, mama?"

"Mtaa wa tatu."

Mlangoni kwa marehemu, mama aliomba asogezwe hadi kwenye cherehani. Aliigusa kwa muda mrefu.

"Nisamehe, mama. Nilikuwa naogopa maneno ya watu."

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini mwenzangu ndiye niliyemtaka."

Siku hizi mama huenda sokoni na mkwewe, akabishana na wauza nyanya mpaka wanacheka. Cheche naye hutafuta viti vilivyotumika mtandaoni, huvitengeneza, kisha huwapelekea wasioweza kutembea. Mtu akimwambia, "Hakuna haraka, fundi, lete hata wiki ijayo," yeye huinuka papo hapo. Anakipakia kiti kwenye mkokoteni na kuondoka.