Pigo la Sita

Lori lilikuwa limezimwa tangu asubuhi, lakini Mzee Sikio alipoegemeza bisibisi yake ndefu kwenye injini na kuweka mpini sikioni, alisikia mngurumo. Mapigo matano, kisha pengo. Matano, kisha pengo. Akapapasa mfuko wake. Ufunguo ulikuwa humo.

Alikuwa amezeekea chini ya malori, na jina hilo alilipata kwa sababu hakuna ubovu uliojificha mbele ya sikio lake. Alikuwa pia na mazoea yaliyochekesha gereji nzima: kusema na ubovu kama mtu anayembembeleza mtoto aliyejifungia chumbani. Safari hii nayo akainama, akanong'ona maneno yale yale.

"Toka humo, baba. Toka twende nyumbani."

"Mwenzetu ameshaanza," mchomeleaji alicheka kutoka upande wa pili. "Siku utakayoitikiwa, mzee, utatafuta pa kukimbilia."

Alipowasha, silinda zote sita zilifanya kazi. Hakuwa amefungua hata nati moja. Dereva alishukuru, akaondoka na lori lake. Mzee Sikio akabaki amesimama, anaitazama mikono yake iliyokuwa safi.

Kwa miaka yote ya ndoa yao, yeye ndiye aliyeingia nyumbani na harufu ya dizeli, na mkewe ndiye aliyeziba pua na kumwelekeza bafuni. Jioni ile harufu ilikuwa imemtangulia. Ilitoka kwenye nywele za mkewe.

"Umeshika mafuta, Mama?"

"Mafuta gani, Baba? Nimelala mchana kutwa. Kifua kinanibana, kama kuna mtu ameingia humu akafunga mlango."

Asubuhi vikombe vilitetemeka kabatini, na yeye, kwa kutojua la kufanya, akafanya alilofanya maisha yake yote: akachukua bisibisi, akaanza kuufuata mlio, akagusa kabati, akagusa bomba la maji, akagusa ukuta wa chumba cha kulala, na kila alipogusa mlio ulizidi kuwa karibu, mpaka akafika kitandani na hapakubaki kitu cha kugusa isipokuwa mwanamke aliyelala chali, akimtazama kwa macho ya kumsihi asimwache. Akaweka bisibisi chini, akalaza sikio kifuani pake. Mapigo matano mazito, kisha pengo. Na ndani ya pengo lile, mbali sana, moyo wa mkewe ukagonga mara moja.

"Unasikia nini?"

"Moyo tu."

"Usinidanganye, Baba. Na uzee huu?"

Mchomeleaji, ambaye sasa hakucheka, ndiye aliyemleta mganga, mama mmoja mtu mzima asiye na maneno mengi. Alinusa hewa ya chumba, akauliza swali moja tu: huyu aliyeingia humu, nani amemkaribisha? Mzee Sikio akamweleza alivyoinong'onea injini ya lile lori. Mganga akaufunga mkoba wake kabla hata hajatoa kitu.

"Anayejiingiza namtoa," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ameitwa, tena kwa upole. Jaribu wewe, labda atakusikia."

Mzee akapiga magoti. "Toka humo, baba. Hamia kwangu. Mimi ndiye niliyekuita."

Vikombe vikanyamaza. Midomo ya mkewe ikafunguka, ukatoka moshi mwembamba, na nyuma ya moshi sauti nzito iliyokuwa haina haraka.

"Ulisema twende nyumbani."

"Nyumbani ni kwangu. Mimi hapa."

"Wewe kwako ni gereji," ilimjibu, bila chuki. "Nyumbani ni huyu."

Mganga akatazama sakafu.

Mzee Sikio akaacha kazi. Akawa anashinda na sikio kifuani mwa mkewe, akilingojea pengo, kwa kuwa humo tu ndimo alimomsikia. Kila siku lilikuwa jembamba zaidi. Akinong'ona humo jina alilomwita wakiwa wachumba, moyo ule wa mbali uliharakisha kidogo, kisha ukafunikwa.

Mchana mmoja alisinzia. Alipozinduka, mkewe alikuwa ameketi, uso umenawiri, anatabasamu.

"Nimepona, Baba."

Akamlaza taratibu, akatega sikio. Mapigo yalikuwa sita, sawasawa, laini, kama injini iliyotoka mikononi mwa fundi hodari. Alingoja pengo mpaka shingo ikamuuma.

Mkono wa mkewe ukampapasa kichwa.

"Nenda kazini," sauti yake ikasema kwa upole. "Mimi nipo nyumbani."