Aliyemwagiwa Mara Tatu

Kwa jina la Mola aliyeyaumba maji kabla ya koo za kuyanywa, akawaumba majini kwa moto na mwanadamu kwa udongo uliolowa, twaanza. Asili ya hadithi hii ni Kibirichia, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na mtu wake ni Naftaly mwana wa Kiunga, mpimaji wa udongo na maji, mkazi wa Kinoru, mume wa Ntinyari. Ntinyari alikuwa na mimba ya miezi saba. Tatu za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hii ya nne waliilinda wote wawili kama yai kiganjani.

Naftaly alitumwa kuchunguza kiwanja cha kiwanda kilichofungwa huko Kibirichia, ambacho kwa miaka arobaini kililoweka nguzo za umeme katika dawa ya mchwa. Watu walinong'ona kwamba dawa ile imezama hadi kwenye maji ya ardhini, na upande wa chini wa kiwanja hicho familia mia tatu huchota visimani. Kikachimbwa kisima chembamba cha uchunguzi. Kanuni ya kazi ni kwamba maji yaliyolala hayasemi kweli: sharti ujazo wote wa kisima utolewe mara tatu, utiwe mapipani, ndipo yachukuliwe maji mapya ya kupelekwa maabara. Siku hiyo mapipa hayakuletwa. Naftaly, aliyekuwa na haraka ya kurudi kwa mkewe, akayamwaga chini.

Cicily, mama aliyewauzia wafanyakazi chai langoni, alimtazama hadi mwisho.

"Fundi, hayo yote unamwagia nani?"

"Namwagia serikali, mama."

"Cheka tu. Huku kwetu hata mlevi akimwaga pombe chini hutaja marehemu wake. Wewe umemwaga mara tatu na hujataja mtu. Akija yeyote, utamwambia hukumwita?"

"Akija, mpe chai na mandazi."

Akacheka peke yake. Kisha akaona kwamba maji yale hayajanywewa na udongo. Yalijikusanya, yakanyoosha ulimi mwembamba, yakapanda mteremko hadi kwenye ncha ya kiatu chake, yakatulia hapo.

Tangu siku hiyo tangi la nyumbani kwake likawa likijazwa asubuhi, adhuhuri ni kavu, na ndani yake harufu ya lami na nywele zilizoungua.

"Baba," Ntinyari alimnong'oneza mumewe, amekamata tumbo kwa mikono miwili, "kuna mtu anakunywa humo ndani. Namsikia akimeza."

Akaitwa mchungaji. Aliomba kwa nguvu, jasho likamtoka, na alipomaliza wote wakasema amina. Na tangi nalo, baada yao, kwa sauti nzito iliyojaa maji, likasema amina. Mchungaji alichukua Biblia yake, akasahau kofia.

Naftaly akabaki peke yake kando ya tangi, saa nane za mchana, jua likiwaka na watoto wa jirani wakicheza kati ya nguo zilizoanikwa, naye akihisi baridi ikimpanda kutoka visiginoni hadi kwenye meno, kwa sababu sauti ilikuwa imeanza kusema naye, taratibu, kwa adabu ya mgeni aliyealikwa.

"Umeniita kwa desturi, nami nimekuja kwa desturi. Maji ya kiwandani ni sahani yangu, na wanaoyanywa ni chakula changu. Ukiandika kweli, visima vitafungwa, nami nitalala njaa. Basi nigawie mwenyewe, Naftaly: familia mia tatu, au huyu mmoja aliyemo tumboni."

"Nakusihi, tumekwisha kuzika watatu."

"Hao hawakuwa wangu. Mimi sijaonja bado."

Ndani ya nyumba Ntinyari akapiga yowe, na Naftaly alipomkuta amepiga magoti, damu nyembamba ikimshuka mguuni, hakufikiri juu ya mia tatu, wala juu ya kiapo cha kazi yake, wala juu ya Mungu. Alitoka mbio, akayamwaga maji ya kisima yaliyokuwa bado kwenye chupa ya maabara, akaijaza chupa hiyo kwenye kijito safi kilicho juu ya kiwanda, akaibandika jina la kisima kile. Damu ikakatika jioni hiyo hiyo.

Maabara ikasoma ilichopelekewa. Tangazo likabandikwa kwenye ofisi ya chifu: maji ni salama kwa matumizi ya binadamu. Chini yake, sahihi ya Naftaly. Tangi halikukauka tena, na baada ya miezi miwili Ntinyari akajifungua mwana, akapewa jina la babu yake, Kiunga.

Siku ya tisa nyimbo zilisikika langoni. Walikuwa akina mama wa Kibirichia, Cicily akiwa mbele, kila mmoja na kibuyu cha uji wa wimbi uliochachushwa, kama wanawake wa Meru wanavyomwendea mzazi ili maziwa yajae.

"Fundi, tulikuogopa bure!" Cicily alisema. "Wangetufungia visima tungekwenda wapi? Mkeo atakunywa mikononi mwetu. Tumeupika kwa maji yetu wenyewe, yale uliyotuthibitishia."

Akamimina. Bakuli likapita kutoka mkono hadi mkono mpaka kitandani.

"Ngoja," Naftaly alisema.

Nyimbo zikakatika. Macho yote yakamgeukia, ya wanawake waliokuwa wamewanywesha watoto wao maji yale miezi miwili kwa neno lake.

"Tungoje nini, baba Kiunga?"

Akafungua kinywa. Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, na nyuma yake alimwona kila mama akilielewa.

"Ngoja upoe," akasema.

"Umekwisha kupoa," Cicily akajibu.

Ntinyari akatabasamu, akashukuru, akanywa mpaka chini. Kisha akafungua blauzi, akamweka mtoto titini.

Enyi mliosikiliza, Mola awajalie maji matamu, na ndimi zisemazo kweli kabla bakuli halijafika mdomoni. Amina.