Aliyeapa Mbele ya Wakili

Kiti cha wateja kilikuwa na joto asubuhi ile, na mteja wa kwanza hajafika. Wakili alikigusa, akafuta kiganja kwenye sketi.

Alijua kisa cha joto hilo, ila hakutaka kukikumbuka. Wiki iliyopita mdogo wake, mwenye duka la dawa, alileta hati ya kiapo ya kuhuisha leseni. Mfamasia msimamizi alishaacha kazi, na duka lisilo na msimamizi hufungwa. Mdogo mtu akabuni jina, akatia saini mwenyewe. "Dada, gonga tu muhuri. Nani atajua?" Wakili akakitazama kiti kitupu, akaandika kwamba mfamasia huyo ameapa mbele yake, akagonga. Miaka kumi na miwili alikuwa akiapisha viti vitupu namna hiyo. Siku za mwizi ni arobaini.

Saa nne simu ikalia.

"Dada, huyu mfamasia uliyemleta..." Mdogo wake alinong'ona.

"Sijaleta mtu mimi!"

"Kaja na hati yako mkononi. Hali, hanywi, koti lake linanuka nywele zilizoungua. Wateja watatu aliowapa dawa jana hawajaamka, dada."

"Toka humo sasa hivi!"

"Kasimama mlangoni."

Simu ikakatika. Wakili akampigia mganga, mzee asiye na simile kwa wajinga, akamweleza yote.

"Jini mvamizi namtoa," mzee alisema. "Huyu ana hati yako, kaingia kwa ruhusa. Nenda kwa wakili mwenzako, uape mbele yake, uso kwa uso, kwamba ulidanganya. Usipite njia ya mkato, mwanangu; kiapo kingine cha uongo kitampa na mdogo wako."

Wakili mwenzake alikuwa ng'ambo ya barabara, mtu wa kumcheka hadi mahakamani, na ukumbini kwake kulikuwa na foleni. Wakili akabaki palepale, akaanza kuandika ungamo huku harufu ya nywele zilizoungua ikiingia chini ya mlango, ikipanda miguuni pa meza, na kile kiti mbele yake kikilia polepole kama kinavyolia mtu mzito anapokikalia, naye hathubutu kuinua macho, anaandika tu, anamwomba Mungu amwachie mdogo wake, hana mwingine, hata alipofika chini kabisa, penye nafasi ya wakili anayeapisha, akafanya kile mkono wake ulichozoea: akatia saini yake mwenyewe, akagonga muhuri wake mwenyewe.

Harufu ikakatika. Kiti kikapoa. Wakili akalia kwa furaha, akapiga simu dukani.

"Duka la dawa," ilijibu sauti kavu ya kiume. "Mfamasia msimamizi anaongea."

"Nipe mdogo wangu!"

"Yuko hapa mbele yangu," ilisema ile sauti, na nyuma yake wakili akasikia muhuri ukigongwa. "Ameshaapa."